Chupa za kaa: spishi tisa za Tanganyika zilivyopatikana

Jenasi ya Platythelphusa, kaa wa maji baridi wasioishi kokote ila Ziwa Tanganyika, ina spishi 9. Ya kwanza, P. armata, ilielezwa na A. Milne-Edwards wa Paris mwaka 1887. Cunnington aliongeza mbili, mwaka 1899 na 1907. Capart akaongeza nne mwaka 1952. Na Marijnissen na wenzake wakaongeza mbili mwaka 2004. Kazi hiyo hufanywa kwa kulinganisha vielelezo, vingi vikiwa vimehifadhiwa chupani.

Kilichojaza chupa hizo ni hoja. J.E.S. Moore, aliyelizuru ziwa miaka ya 1890, aliona konokono wenye makombe mazito kama ya baharini, akadai kuwa ni masalia ya bahari ya kale. Dai lenyewe halikusimama, ila lilivuta watafiti: Cunnington alikwenda mwaka 1904 hadi 1905, kisha msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ukampatia Capart vielelezo vyake. Njia ya misafara ya biashara kutoka Ujiji ilikuwa imekwisha kupita Kabambare hadi Kasongo, magharibi mwa ziwa katika Kongo ya leo, zamani, lakini kwa mito ya huko hakuna aliyeibua hoja yenye mvuto kama huo.

Kaa akishafika mezani, rangi haimsaidii mtaalamu, maana spiriti huifuta. Magando nayo hudanganya, kwa kuwa kaa mkubwa mara nyingi huwa na moja lililozidi jingine. Basi humlaza chali, hufunua mkia uliokunjwa tumboni, na kuweka chini ya hadubini jozi ya kwanza ya viguu ambavyo dume hupitishia mbegu. Kwa kaa wa mitoni wa Afrika, umbo la ncha za viguu hivyo ndilo ushahidi mkuu. Chupa yenye majike na watoto watupu humwacha mtaalamu njia panda.

Uhifadhi nao una gharama zake. Formalini hukaza nyama, lakini ikichachuka hula chokaa ya gamba, na huharibu DNA. Spiriti ya asilimia 70 hulinda umbo. Anayetaka DNA atumie ya asilimia 95 au zaidi. Ndiyo maana chupa za zamani zinafaa kwa maumbo, lakini nasaba ilihitaji kaa wapya.

Kinachoponza zaidi ni lebo. Karatasi iliyoandikwa «Kasongo» tu ina utata: kuna Kasongo ya Maniema, kuna Kasongo-Lunda ya Kwango, na hata Maniema kwenyewe mji wa sasa si pale ulipokuwa mji wa kale, Kasongo-Tongoni. Bila jina la mto, kielelezo kizima hakiwezi kurudishwa kwenye ramani.

Kwa hiyo mwalimu wa biolojia wa Kabambare anayetaka kuanza na Luama, mto unaomwaga maji yake Lualaba, hahitaji jengo la makumbusho. Achukue dume aliyekomaa, amtie kwenye spiriti kali, na aibadilishe kesho yake, kwani maji ya mwilini huizimua. Ndani ya chupa aweke karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli: mto, kijiji cha karibu, vipimo vya GPS, tarehe na jina la mkusanyaji. Penseli haifutwi na spiriti. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika.