Ufundi wa Kuipima Pumzi

Mizani humpima mtu hata akiwa amelala, na eksirei humpiga picha hata akiwa hajitambui. Spirometa haiwezi. Mashine hii inayopima mapafu inamngoja mgonjwa mwenyewe avute hewa mpaka kifua kijae, kisha aitoe yote kwa nguvu zake zote, bila kusita wala kukohoa. Na anayeombwa kufanya hivyo ndiye yule yule ambaye pumzi inamsumbua. Kati yake na jibu linalotafutwa amesimama mpimaji, na ufundi wa mpimaji huyo ni wa kuheshimiwa kuliko tulivyozoea kuuheshimu.

Kazi yake huanza kabla mgonjwa hajaingia. Asubuhi huchukua sirinji kubwa ya lita 3 na kuisukumia hewa ndani ya mashine, mara taratibu, mara kwa wastani, mara kwa kasi. Kila safari mashine inapaswa kusoma lita 3, na ikikosea isizidi asilimia 3. Mgonjwa akifika huvuliwa viatu na kupimwa kimo, kwa sababu mapafu huenda na urefu wa mtu, na soli nene inaweza kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Kisha huja maswali ya upole: leo umevuta sigara? Dawa ya pumu umeitumia saa ngapi? Umewahi kupata shtuko la moyo hivi karibuni? Kupuliza kwa nguvu huongeza shinikizo kifuani, na moyo ulioumia juzi haufai kutwishwa mzigo huo.

Sasa mgonjwa anaketi wima, nyayo sakafuni, kibano puani, midomo imeushika mrija barabara. "Haya bibi, vuta pumzi, vuta, jaza kifua... puliza!" Neno la mwisho hutoka kwa kishindo, kwa kuwa sekunde ya kwanza hairudi. Papo hapo sauti hugeuka kuwa ya kubembeleza: "Toa, toa, bado ipo bibi, endelea, endelea." Mpimaji huinama pamoja na mgonjwa kama mkunga anayejua wakati wa kuhimiza na wakati wa kunyamaza, huku jicho moja likiwa usoni pa bibi na jingine kwenye mchoro unaojichora. Kilele kikichelewa, anajua bibi alisita. Mstari ukijikunja mwanzoni, alikohoa. Ukikatika ghafla, aliacha hewa ikiwa ingalimo. Kila kasoro ina maneno yake ya kuirekebisha, na katika maneno hayo hamna lawama.

Anatafuta mipulizo mitatu safi, na miwili iliyo mikubwa zaidi isipishane kwa zaidi ya mililita 150. Asipoipata anajaribu tena, ila kwa mtu mzima kwa kawaida hapiti mara nane, maana aliyechoka hupima uchovu wake. Hapo ndipo mpimaji wa kweli hujulikana: anapoandika kwamba kipimo hakikufaa, ilhali kwenye kioo kuna namba ambayo ingeijaza fomu bila mtu yeyote kuuliza.

Uangalifu huu una ukoo mrefu. Mwaka 1846 daktari wa upasuaji wa Uingereza, John Hutchinson, alichapisha vipimo vya watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi na mafukara, waliopulizia ndani ya chombo alichokibuni mwenyewe, chenye kengele iliyoelea juu ya maji. Aligundua kwamba uwezo wa mapafu hupanda sambamba na kimo. Mmoja wa aliowapima alikuwa Freeman, bondia wa Marekani mwenye mwili wa jitu. Mwaka 1842 alipuliza zaidi ya lita 7. Miaka miwili baadaye alirudi akiwa dhaifu, na uwezo wake ukaporomoka mpaka chini ya lita 6. Mwaka 1845 kifua kikuu kilimuua. Hutchinson aliweza kuuona msiba huo ukikaribia kwa sababu kipimo cha kwanza kilichukuliwa vizuri.

Miaka 100 hivi baadaye, mwaka 1947, mtafiti Robert Tiffeneau na mwenzake Pinelli huko Ufaransa walishughulikia mwendo wa pumzi: ni kiasi gani hutoka katika sekunde moja? Swali hilo lilitenganisha magonjwa. Mapafu yaliyokakamaa hutoa hewa kidogo lakini upesi; njia za hewa zilizosinyaa huitoa polepole. Leo mgonjwa huvuta salbutamoli, akangoja robo saa, akapuliza upya. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa bado haifiki asilimia 70 ya pumzi nzima, daktari ana sababu ya kushuku ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa.

Moyo nao husomeka katika pumzi. Mwaka 1917 watafiti Francis Peabody na Wentworth, huko Boston, walionyesha kwamba wagonjwa wa moyo walihema upesi zaidi kadiri uwezo wa mapafu yao ulivyopungua. Moyo ukishindwa kusukuma, damu hurundikana mapafuni na kuibana nafasi ya hewa.

Karibu na kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima takriban watu 600 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 katika wilaya ya Masindi, Uganda, ambako karibu kila nyumba hupikia kuni au mkaa. Takriban 16 kati ya kila 100 walikuwa na ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, kundi kubwa zaidi miongoni mwao likiwa bado katika miaka ya thelathini. Asilimia ile ya 16 imejengwa kwa pumzi moja moja, kila moja ikiwa imeombwa, imesimamiwa, imekaguliwa, na pengine kukataliwa. Mipulizo ikisimamiwa ovyo, wazima wataitwa wagonjwa na wagonjwa watarudishwa nyumbani kwenye moshi ule ule.

Kwa hiyo hospitali inaponunua spirometa, au watafiti wanapoandika bajeti, mafunzo ya mpimaji yatangulie bei ya mashine. Jina lake nalo liandikwe kwenye ripoti, kwa kuwa ukweli uliomo ni kazi ya mikono, macho na sauti yake.