Panya Bila Neutrofili?

Ukitaka kujua neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, zina kazi gani mwilini, ziondoe uone kitakachoharibika. Kwa panya mdogo wa maabara hilo hufanywa kwa sindano: anadungwa kingamwili inayozinasa neutrofili, kisha mwili wake wenyewe unazimaliza. Baada ya hapo damu huchukuliwa na kutiwa kingamwili nyingine iliyounganishwa na rangi ing'aayo, halafu hupitishwa kwenye saitometa, mashine inayomulika seli mojamoja kwa leza. Rangi ya FITC, kwa mfano, ikipigwa na mwanga wa nanomita 488 hutoa kijani. Seli isiyong'aa haihesabiwi kuwa neutrofili.

Utaratibu ni mzuri, ila una mitego miwili.

Wa kwanza unajulikana. Kingamwili iliyotegemewa kwa miaka mingi, RB6-8C5, ilidhaniwa kulenga neutrofili peke yake. Tangu 1993 kulikuwa na ushahidi kwamba, pamoja na Ly6G, alama ya neutrofili, hunasa pia Ly6C, ambayo monosaiti nyingi na baadhi ya limfosaiti T huibeba. Mwaka 2008 Daley na wenzake wakaonyesha kwamba 1A8, inayonasa Ly6G tu, huondoa neutrofili na kuziacha monosaiti. Wengi wakahamia huko, nao walifanya vyema.

Wa pili ndio unaonikera, kwa sababu humpa mtafiti jibu analolitaka. Panya amedungwa 1A8. Kesho yake damu yake inapimwa kwa 1A8 ile ile, safari hii ikiwa na rangi. Lakini Ly6G za neutrofili zilizosalia zimeshashikwa na kingamwili ya sindano. Yenye rangi inakuta viti vimekaliwa, inaoshwa na kumwagwa. Kwenye skrini, pale penye neutrofili pako tupu. Seli zipo, zinazunguka, pengine zinaendelea na kazi yake. Kubadili rangi hakusaidii kitu.

Mwaka 2020 Boivin na wenzake walilifuatilia jambo hili kwa panya wa ukoo wa C57BL/6. Walipopima Ly6G iliyo ndani ya seli, ambako kingamwili ya sindano haikufika, neutrofili zikaonekana tena. Zilizosalia zilikuwa changa, zimetoka kwenye uboho punde, na Ly6G kwenye uso wake ilikuwa kidogo. Tatizo jingine ni asili ya 1A8: inatoka kwa panya wakubwa, ni kingamwili yao ya aina ya IgG2a, na haizivutii sana seli zinazoua ndani ya panya mdogo. Wakaongeza kingamwili ya pili, ya panya mdogo, inayoishika ile ya kwanza. Uondoaji ukawa wa kweli zaidi, na ukadumu.

Kipimo cha kuugundua mtego huu ni rahisi mno, hata nashangaa kinavyorukwa. Chukua damu ya panya asiyedungwa chochote, iloweke kwenye 1A8 isiyo na rangi, kisha itie yenye rangi. Hakuna seli iliyokufa kwenye mrija huo. Kijani kikififia hata hivyo, basi kufifia kwake kwa panya aliyedungwa hakuthibitishi kifo cha neutrofili hata moja, na itabidi zihesabiwe kwa njia nyingine: alama ya CD11b pamoja na jinsi seli inavyotawanya mwanga pembeni, au Ly6G ya ndani.