Chaja Ijuayo Kiasi

Yawezekana msomaji akashangaa kumwona mtu mzima akitumia kurasa nzima kuhakiki chaja ya kitu cha kuchezea watoto. Wenzangu huhakiki riwaya na tamthiliya. Lakini mimi naamini kwamba chombo chochote kinachoingia nyumbani mwa mtu kinastahili kuhakikiwa, hasa kile kinachokula umeme mahali ambapo umeme hupimwa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Mahali penyewe ni Kakesio, wilayani Ngorongoro, mbele ya Endulen ukitokea Karatu. Mwaka 2014 nilikuwa nikifundisha huko. Umeme wetu ulikuwa paneli moja ya jua juu ya bati na betri moja ya volti 12 chini ya meza. Hiyo ndiyo iliyowasha taa, na hiyo ndiyo iliyochaji simu zetu na za majirani.

Kijana wa mwenyeji wangu, mwenye umri wa miaka 12, aliletewa helikopta ya rimoti na mjomba wake aliyefanya kazi Arusha. Nje haikufaa, kwa kuwa upepo uliichukua kama jani kavu. Basi ikawa inarushwa chumbani kwangu. Betri yake ilikuwa seli moja ya lithiamu ya volti 3.7, yenye uwezo wa miliampea 150 kwa saa. Iliruka dakika sita au saba, kisha ikahitaji zaidi ya nusu saa ya kuchajiwa. Ukipiga hesabu, mlo mmoja wa betri ile haukuzidi sana nusu ya wati kwa saa moja. Betri ya simu ndogo yenye miliampea 1,000 hula karibu mara saba ya hapo. Kwa hiyo helikopta yenyewe haikuwa mlafi. Lawama, kama ipo, iende kwa chaja.

Chaja ya kwanza ilikuwa ndani ya rimoti. Rimoti ilitumia betri ndogo sita za kawaida, na ubavuni ilikuwa na waya mfupi wa kuchomeka kwenye helikopta. Kwa mtazamo wa haraka huu ni utaratibu mzuri: huhitaji paneli wala waya mrefu. Lakini betri sita zikipangwa pamoja hutoa volti 9, na seli inataka takriban 4. Katika chaja rahisi za namna hii, zaidi ya nusu ya nguvu hupotea ikawa joto tupu. Nasi tulikwisha kuilipia dukani!

Hasara hiyo niliiona kwa namna nyingine. Jioni moja mzee aliwasha redio yake ili asikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku, redio ikakaa kimya. Betri zake zilikuwa zimehamia kwenye rimoti. Mzee hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hivi hiki kindege kinasoma habari?" Kijana akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo nikaihukumu chaja ile kuwa haifai kwa nyumba yenye redio.

Chaja ya pili ilikuwa waya wa USB uliokuja ndani ya boksi. Huu ndio niliouona bora, kwa sababu ndani ya kichwa chake kulikuwa na kisakiti kidogo kinachopunguza mkondo na kukata umeme seli inapofika volti 4.2, ambazo ndizo shibe yake. Hata hivyo waya huo una dosari ya lugha. Taa yake nyekundu huwaka wakati wa kuchaji na kuzimika betri ikijaa. Lakini ziko nyaya nyingine ambazo hufanya kinyume chake. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina peke yake. Kila mara kijana aliniuliza, "Mwalimu, imeshiba au bado?" Swali hilo alipaswa kujibiwa na mtengenezaji, wala si na mimi.

Kisha waya ukakatika. Kijana, kwa werevu wake, akachuna waya wa chaja ya simu akaunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, moja kwa moja kwenye seli. Volti 5 zikaingia bila kizuizi chochote. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta betri imevimba kama andazi, naye ameshika sindano tayari kuitoboa ili itoe hewa. Nilimnyang'anya sindano kwa ukali ambao baadaye niliuomba radhi. Seli ya lithiamu ikitobolewa yaweza kulipuka moto papo hapo, na chini ya meza ile palikuwa na godoro la sponji. Tuliitoa nje, tukaiweka ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, tukaiacha huko mbali na nyumba.

Dukani tulishauriwa kununua ya tatu, ile chaja ya kobe. Nilikataa. Kobe alitengenezwa kwa ajili ya betri za simu, ambazo ni kubwa mara nyingi kuliko seli yetu, hivyo mkondo wa kawaida kwa simu waweza kuwa wa kuumiza kwa helikopta. Tena anahitaji umeme wa volti 220, yaani kwetu lazima kwanza uugeuze kwa inveta, nayo inveta inakula sehemu yake.

Hukumu yangu ni hii. Kwa helikopta ya seli moja, nunua waya wa USB wenye kisakiti, ikiwezekana miwili, na uuchomeke kwenye kichwa cha chaja ya simu ya gari kilichofungwa kwenye betri ya volti 12. Kwa helikopta kubwa ya seli mbili au tatu, tafuta chaja inayosawazisha seli moja moja, inayopokea volti 12 bila inveta, na uipangie mkondo usiozidi uwezo wa betri: miliampea 150 kwa betri ya miliampea 150. Acha betri ipoe kwanza baada ya kuruka. Usilale ikiwa inachajiwa.

Betri mpya ilifika baada ya wiki tatu, pamoja na waya mpya. Kijana aliuchora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, akaandika kwa mkono wake: "Taa ikizimika, chomoa." Na betri za redio mzee alianza kuzifungia sandukuni.