Kamina–Stanleyville, 1964: Ndege Tayari, Amri Haipo

Dragon Rouge, operesheni ya Ubelgiji na Marekani ya kuwaokoa mateka wa waasi wa Simba mjini Stanleyville, haikukwamishwa na umbali. Ilikwamishwa na amri ya kusubiri, na amri hiyo ilikuwa kosa.

Njia ilikuwa hii: Kleine Brogel (Ubelgiji), Morón (Uhispania), kisiwa cha Ascension, kisha Kamina, hapa Kongo. Ni zaidi ya kilomita 11,000, ilhali moja kwa moja kutoka Ubelgiji hadi hapa kwetu hazifiki 7,000. Kuzunguka baharini ili kukwepa anga za watu kulikuwa busara, na marubani wa C-130 walifanya kazi yao vizuri.

Kosa lilitendeka hapa nyumbani. Asubuhi ya tarehe 22 Novemba 1964, askari wa miamvuli wa Kibelgiji wa Kanali Laurent walikuwa wameshatua BAKA, kambi ya kijeshi ya Kamina. Stanleyville iko kilomita 1,000 hivi, kaskazini tupu. C-130 humaliza umbali huo kwa saa mbili. Tuseme tatu, usiku na kwa kufuatana. Wakakalishwa hadi usiku wa kuamkia tarehe 24, kwa sababu Brussels na Washington zilitaka waingie mjini pamoja na msafara wa magari wa Kanali Vandewalle, wa jeshi la Kongo na mamluki, uliotokea Kindu. Yaani ndege ilipangiwa ratiba ya lori, kwenye barabara ya msituni yenye vivuko na waviziaji.

Wakati huo habari za kikosi kupita Ascension zilikwisha kuvuja, na Simba walikuwa na redio. Aliyehitaji siku zile mbili ni nani, kama si aliyeshika mateka?

Tarehe 24, saa kumi na mbili asubuhi, waliruka kwa miamvuli juu ya Simi-Simi, uwanja wa ndege wa Stanleyville. Njia ya ndege ilikuwa imezibwa kwa mapipa na magari. Wakaisafisha upesi, ndege zikatua. Lakini kabla ya saa mbili, mateka waliotolewa hoteli ya Victoria walimiminiwa risasi barabarani, daktari Paul Carlson akiwa miongoni mwa waliokufa. Na Vandewalle? Aliingia asubuhi imeshakwenda. Msafara uliosubiriwa kwa gharama yote ile haukuwepo saa ulipohitajika.

Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: muda wa safari si muda wa kuwa angani. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Thieffry alitumia siku 51 kutoka Brussels hadi Léopoldville, angani akiwa saa 75 tu. Kilichomchelewesha ni mitambo na hali ya hewa, na kila alipoweza kuruka aliruka. Ndiyo maana namweka juu ya wapangaji wa 1964, waliokuwa na ndege nzima, mafuta na uwanja bora, wakakosa uthubutu.

Zaidi ya watu elfu moja waliokolewa, hilo halipingiki. Ila wachambuzi wenzangu huishia kuhesabu Wazungu waliouawa. Wakongomani waliouawa Stanleyville, kabla na baada ya asubuhi ile, walikuwa wengi zaidi mno. Hesabu yoyote ya gharama ya kuchelewa inayowaacha nje siikubali.