Programu-jalizi zinazotupora vitufe



Juzi usiku, hapa kwangu Queensbury, nilikuwa nanakili utenzi kutoka picha za hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kilatini. Kazi hii huifanya ndani ya kihariri cha msimbo, VS Code, manake humo kutafuta na kubadilisha ni rahisi. Macho huwa kwenye picha, vidole kwenye kibodi. Nilipokuja kuhesabu, nikakuta beti zenye vipande vitano, nyingine sita. Jamani, utenzi gani huo?

Kosa halikuwa la mshairi. Kibodi yangu nimeipanga mwenyewe: AltGr na d hunipa ḍ, ili dhadi isichanganywe na dali. Kumbe programu-jalizi moja niliyoiweka wiki ile imejitwalia Ctrl+Alt+D kuwa njia ya mkato ya kurudufu mstari. Na Windows huhesabu AltGr kuwa ni Ctrl na Alt kwa pamoja. Basi kila nilipotaka ḍ, herufi haikuandikwa, na kipande kilichokuwa nusu kikarudufiwa. Mistari ya ziada inafutika. Herufi zilizomezwa je? Hizo sharti nirudi kwenye hati, neno kwa neno.

Hii si bahati mbaya tu. VS Code husoma orodha ya njia za mkato kuanzia chini kwenda juu, na ya kwanza kulingana ndiyo hutekelezwa. Za programu-jalizi huwekwa chini ya zile za asili, kwa hiyo mgeni humshinda mwenyeji bila hata kupiga hodi. Kweli, faili la mtumiaji ndilo la mwisho kabisa, na kwa hilo mgeni anatolewa. Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, utaziona njia zote na amri zinazogombania kitufe kimoja. Lakini dawa hiyo huitafuta yule aliyekwishagundua kuwa anaumwa.

Wala si kwamba hatukuonywa. Emacs, iliyoanza 1976, ina desturi yake: Ctrl+C ikifuatwa na herufi ni ya mtumiaji, waandishi wa nyongeza wasiiguse. Raymond Chen wa Microsoft naye aliandika mwaka 2004 kuwa Ctrl+Alt isitumiwe kwa njia za mkato, kwa sababu hiyohiyo ya AltGr. Ila kibodi ya kawaida ya Kimarekani haina AltGr. Anayetosheka na A hadi Z haoni alichokanyaga. Tunaokanyagwa ni sisi, na Mpolandi anayeitafuta ą yake.

Rai yangu: programu-jalizi ije na amri zake, vitufe avigawe mwenye nyumba.

Ile yangu nimeshaifuta, na hati naianza upya ukurasa wa kwanza. Nanyi mnaonakili, hebu hesabuni vipande vyenu.

Nawasilisha.