Ganda Lisilorudi Kibanjani

Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wachimbaji wa bati huosha mchanga kwa maji. Jiwe la bati lina uzito mara saba hivi ya ule wa maji, kwa hiyo hutuama chini ya karai, na mkono uliozoea unajua lini kuacha kutikisa. Lakini metali kama risasi ikishayeyuka majini haina punje ya kutuama. Chuja kwa kitambaa mara kumi, risasi itapita pamoja na maji, nayo maji yatabaki meupe, hayana hata harufu.

Hapo ndipo ninapolivulia kofia ganda la ndizi.

Karagwe maganda si adimu. Kila siku jikoni kuna rundo lake: mbuzi na ng'ombe hupata fungu lao, mengine hurudi kibanjani chini ya migomba. Kulifanya ganda hilo kuwa mtego wa risasi kunataka subira. Huoshwa mpaka utomvu uishe. Hukaushwa polepole, maana moto mkali huunguza pektini, na pektini ndiyo inayotafutwa. Kisha husagwa na kuchekechwa. Unga laini hunasa zaidi, ila ukiwa laini mno huziba chujio. Kipimo kiko katikati, na fundi hukipata kwa kujaribu tena na tena.

Pektini ikiwa majini hubeba chaji hasi, risasi iliyoyeyuka ina chaji chanya, vikakutana vikashikana. Maji yakiwa machachu mno, hidrojeni huwahi nafasi zote na risasi hukosa pa kukaa. Ndiyo maana fundi hupima uchachu kwanza, akaurekebisha tone kwa tone, ndipo atie unga, atikise, asubiri, achuje. Ninachokipenda zaidi ni hiki: uchachu uleule unaoharibu kazi mwanzoni ndio unaoitumikia mwishoni. Unga ulioshiba husuuzwa kwa asidi hafifu, ukaiachia metali, ukarudi kazini. Mwaka 2011 Gustavo Castro na wenzake wa Brazili, waliolijaribu ganda kwa shaba na risasi katika maji ya Mto Paraná, walieleza kuwa liliweza kutumika hadi mara 11.

Risasi yenyewe haijatoweka, imehama tu. Ile asidi ya kusuuzia hutiwa katika chombo chenye kifuniko na alama, na unga uliochoka nao vivyo hivyo. Mbuzi asiuonje. Na kibanjani, ambako kila ganda la Karagwe limezoea kurudi, hili halirudi.