Juha, Shujaaz na Shazia

Gazeti linalosomwa Itumbe huchapwa Nairobi usiku. Hufika mjini Kisii kumekucha, likapanda matatu kuelekea vilima vya chai, na hadi litue kwenye meza ya hoteli redio imeshatangaza karibu kila kilichomo. Katuni ndiyo pekee ambayo redio haiwezi kuitangulia. Basi si ajabu kwamba wasomaji wengi wa gazeti la Taifa Leo walikuwa wakimtafuta mhusika wa katuni, Juha Kalulu, kwanza, waziri baadaye.

Edward Gitau alianza kumchora Juha miaka ya 1950, akaendelea naye hadi uzeeni. Fremu chache, mistari myepesi, maneno ya kuhesabika. Katika ukanda huo mwembamba ilimbidi amtoe Juha nyumbani, amtie matatani, na abakize kitu cha kumrudisha msomaji kesho yake. Mchoraji wa kitabu kizima anaweza kujitanua. Kichekesho kikimponyoka ukurasa wa 10, atakifidia ukurasa wa 11. Mchoraji wa kila siku hana ukurasa wa 11. Akichemka leo, amechemka mbele ya nchi nzima.

Ng'ambo, wapenzi wa katuni wamegawanyika kambi mbili. Wapo wanaonunua toleo moja moja, jembamba, lililobanwa kwa pini, kila linapotoka. Na wapo wanaosubiri matoleo yote yakusanywe katika kitabu chenye mgongo wa kusimama rafuni. Hoja za kila upande zinajulikana: toleo lina msisimko wa kungoja, kitabu kina nafuu na hakisumbui. Ila ukichunguza kazi zenyewe, utaona kwamba namna ya kuuza huacha alama hata kwenye hadithi. Mchoraji Hergé alitoa katuni ya Tintin kwa kurasa mbili kila wiki katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Ubelgiji, kuanzia 1929. Anayeisoma leo ndani ya albamu, pamoja na ile safari ya Kongo ambayo Waafrika wengi wana haki ya kukasirishwa nayo, atashangaa mbona kijana Tintin anaponea chupuchupu kila baada ya kurasa mbili. Mishono ya wiki bado ipo. Kitabu hakikuweza kuifuta.

Kitabu pia hubadilisha hesabu ya fedha. Mwaka 1986 kampuni ya DC ilianza kutoa Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons. Yalikuwa matoleo 12, na yalipokwisha mwaka 1987 yakaunganishwa kuwa kitabu. Mkataba ulisema haki zingewarudia watunzi kazi hiyo ikiacha kuchapishwa. Enzi hizo katuni iliyokwisha kutoka ilikuwa imekwisha, kwa hiyo sharti hilo lilionekana la ukarimu. Kitabu kikauzwa, kikachapwa tena na tena, na hadi leo hakijaacha kuchapishwa. Haki hazijarudi.

Huku kwetu ubishi huo ulikuwa na upande mmoja tu. Toleo lilikuja, kitabu mara nyingi hakikuja kabisa. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mjini Nairobi mwaka 1973, likiwa na katuni, vichekesho na hadithi fupi za maisha ya mjini, na kufikia 1979 likawa limezimika. Anayelitaka leo atafute kwenye maktaba au kwa mtu aliyekuwa na busara ya kutompa mwenye bucha nakala zake afungie nyama. Miaka ya 1980 Hirst alishiriki tena katika Pichadithi, mfululizo wa hadithi za jadi kwa picha, nazo nakala zake sasa hutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki aliyetaka mkusanyo ilibidi ajitengenezee. Hapo ndipo penye ufundi ambao haujasifiwa vya kutosha.

Njia nyepesi ni mkasi na daftari. Kipande cha Juha hukatwa kwa kufuata mstari wa nje, kikapakwa gundi. Na gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa ngano hufaa vilevile, kasoro yake ikiwa kwamba mende nao huupenda. Tarehe huandikwa pembeni kwa kalamu, la sivyo baada ya mwaka hakuna ajuaye kipi kilitangulia. Wanaoanza hupaka uji mwingi mno. Karatasi ya gazeti hulowa, wino hupenya, na matokeo ya mpira yaliyokuwa upande wa pili hujitokeza usoni mwa Juha.

Majarida yanataka mkono mzito zaidi. Matoleo ya mwaka mmoja hupangwa kwa tarehe, kisha pini hung'olewa kwa ncha ya kisu, kwa sababu zikiachwa zitashika kutu na kuila karatasi, hasa penye mvua kama ya Gusii. Mwenye haraka huyabana yote pamoja, akayatoboa kwa msumari karibu na mgongo na kuyashona juu kwa juu kwa shazia, ile sindano ya magunia, na uzi wa nailoni. Kitabu kinatoka imara kama tofali, na hakifunguki. Maneno ya ndani humezwa na mshono, na msomaji hubaki kukisia nani alimjibu nani. Fundi hufanya vingine. Hufungua kila toleo katikati, akapitisha uzi kwenye mkunjo wenyewe, akatokea nyuma, akafunga fundo na jirani yake, toleo kwa toleo, hadi mgongo ushikamane. Inapokauka gundi ya nje, kitabu hulala wazi mezani bila kushikiliwa. Jalada ni katoni iliyovishwa karatasi ya kaki, ile ile ya vitabu vya shule. Jina huandikwa kwa mkono, na kama mwandiko ni mbaya, basi.

Kazi hii iligeuka kuwa ya lazima ilipokuja Shujaaz. Februari 2010 shirika la Well Told Story lilianza kutoa jarida hilo kila mwezi, kwa Sheng, tena bure, likiwa ndani ya gazeti la Nation na kwa mawakala wa M-Pesa. Shujaa wake mkuu, DJ Boyie, alirusha redio ya kichinichini kutoka chumbani mwake. Mwaka 2012 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Sheng si lugha ya kulelea mtoto Itumbe, ambako Ekegusii ndiyo hutangulia, lakini habari za Shujaaz zilikuwa za shamba kabisa: mojawapo inayokumbukwa sana ilihusu kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Ubaya ni kwamba cha bure hakina mlinzi. Jarida lililochorwa na mafundi wa kweli liliweza kuishia kufungia mandazi siku ya pili.

Na hata palipo na vitabu vya kununua, mfuko una kalenda yake. Mkulima anayepeleka majani ya chai kwenye kiwanda cha Itumbe hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, kisha Oktoba huja bonasi ya mwaka, kama ilivyo kwa wakulima wengine wa shirika la chai la KTDA. Toleo hupatikana kwa senti za mwezi. Kitabu husubiri bonasi, na huko hukutana na karo na mabati, ambavyo havijawahi kushindwa.

Hata hivyo vitabu vizuri vilikuja. Kampuni ya uchapishaji ya Sasa Sema, iliyoanza Nairobi mwaka 1996 na baadaye kuingia mikononi mwa kampuni ya Longhorn, ilitoa katuni za Kiswahili zenye hadithi nzima katika kitabu chembamba. Abunuwasi ya Gado ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Ulikuwa mpango wa akili: bei isiyotisha, hadithi yenye mwanzo na mwisho. Gado huyohuyo, Mtanzania Godfrey Mwampembwa, alikusanya pia vikaragosi vyake vya magazetini katika kitabu Democrazy! mwaka 1998. Hapo mkusanyo hudai kitu kingine. Kikaragosi cha siasa hutegemea habari ya ukurasa wa kwanza wa siku ile. Kikihamishiwa kitabuni bila tarehe, baada ya miaka 20 kijana ataona mzee mwenye rungu na hatajua cha kucheka. Daftari la mkasi na uji, lenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, linalijua hilo tangu zamani.

Anayejalidi mwenyewe hukumbana mwishowe na toleo lililokosekana: gazeti halikupanda matatu siku ile, au wakala wa M-Pesa aliishiwa. Wengine hushona tu na kujifanya hawakuona. Aliye makini huchomeka karatasi tupu mahali pake, akaandika mwezi na mwaka, kisha akaanza kuulizia Ogembo, Keroka na kwa wanafunzi wanaorudi likizo kutoka Nairobi. Bei ya kubadilishana haijaandikwa popote, ila mwenye nakala mbili za mwezi mmoja hujua thamani yake, na mara nyingi hatoi moja mpaka apewe mbili.